Gari Lililovuta Kushoto

Mwanamke wa mikate alishindwa mtihani wa udereva kwa mara ya nne siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, na kosa lake likawa lilelile la siku zote. Aliwasha gari la ofisi ya leseni vizuri, akatoa breki ya mkono, akatazama vioo kama alivyofundishwa, akaondoka taratibu kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Halafu gari likaanza kuhama. Halikuruka wala halikuyumba. Lilihama tu kwenda kulia, kidogo kidogo, mpaka gurudumu likakanyaga mstari mweupe wa katikati na kuuvuka, na mtahini aliyeketi pembeni akakohoa na kuandika kitu kwenye daftari lake.

Mwalimu wake alikuwa amesimama nje ya uzio, mikono kifuani. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na shule yake ya udereva ilikuwa na gari moja na mwalimu mmoja, ambaye ni yeye. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala chini, magurudumu hayakuonekana vizuri, na lile gari la ofisi lilikuwa kama linaelea. Aliliona likielea kwenda kulia akafumba macho. Maneno ya kusema alikuwa nayo tayari, maana alishayasema mara tatu.

"Mkono wako mzito, dada'ngu," alimwambia mwanafunzi wake aliposhuka. "Unaushika usukani kama unakanda unga."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mimi huna la kuniomba. Tajiri wako wa mikate ndiye sijui atakusubiri mpaka lini."

Kwa miaka kumi na moja mwanamke wa mikate alikuwa ametembeza mikate mtaa kwa mtaa, kikapu begani, na mwenye tanuri alikuwa amemwahidi gari dogo la kusambazia siku atakayopata leseni. Tajiri huyo alisema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa umebakiza siku nne. Mwanamke alijifuta viganja kwenye sketi, akasema asante, akaondoka kwa miguu, na ukungu ukammeza kabla hajafika barabarani.

Mtahini akamwita Mwalimu mezani. Alikuwa mzee mfupi, mpole kupita kiasi, aliyewafelisha watu kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Alifungua daftari. Kwa kila mtahiniwa yeye huchora mstari mmoja, jinsi gari lilivyokwenda kwenye ile njia iliyonyooka. Akaanza kugeuza kurasa polepole.

"Huyu wa mikate, leo. Huyu kinyozi wako. Huyu wa duka la vioo. Huyu mama wa mapacha." Kila mstari ulianza wima ukapinda kulia. "Wako kumi na saba, Mwalimu. Tangu mwaka juzi."

"Wengine walifaulu, baba."

"Walifaulu walipolizoea gari langu, mara ya tatu, mara ya nne. Lakini wote wakianza wanakwenda kulia. Wanafunzi wa shule nyingine, kila mmoja hukosea kwa akili yake. Wako wanakosea kwa pamoja, kama kwaya."

Mwalimu alihisi uso unawaka moto. Nyuma yake walikuwepo walimu wa shule nyingine wawili, na alijua wanasikia, kwa sababu walikuwa wameacha kuongea.

"Wenzangu ofisini wanasema hufundishi," mtahini akaendelea, kwa upole uleule. "Mimi nimewaambia tusikimbilie. Njoo Alhamisi saa mbili. Utaendesha wewe mwenyewe gari hili, nami nikae pembeni. Na uje na kitabu cha matengenezo cha gari lako. Nisiporidhika, kibali chako cha kufundishia nakichukua, na hakitarudi."

Alilisema taratibu hivi kwamba Mwalimu nusura amshukuru.

Alirudi na gari lake kupitia uwanja wa mazoezi, kiwanja kikubwa kilichokuwa zamani cha kuegesha malori, sasa kitupu, ardhi yake imeshindiliwa ikawa bapa kama meza. Hakuwa na mwanafunzi saa ile. Alizunguka tu, mara moja, mara mbili, akifikiri mambo ya mikono. Alifikiri mikono ya kinyozi, myepesi isiyo na mfano, inayonyoa kidevu cha mtu bila kumwamsha. Huyo naye Mwalimu aliwahi kumwambia mkono wake mzito.

Jua lilikuwa linaupasua ukungu vipande vipande. Machozi yakamjia, si ya hasira wala ya huzuni hasa, ya uchovu tu, naye akaachia usukani kwa mikono yote miwili ili ajifute kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

Gari likageuka peke yake.

Lilikwenda kushoto kwa utulivu, kama ng'ombe anayeijua njia ya nyumbani, na Mwalimu akaketi akilitazama linavyompeleka, mikono hewani, bila kuogopa. Lilichora duara kubwa kwenye kile kiwanja na kwenda kusimama karibu na uzio. Akarudi alikotoka. Akalinyoosha, akaachia tena. Kushoto. Akageuka, akaanzia upande wa pili, ili asije akausingizia uwanja kuwa na mteremko. Kushoto vilevile. Kwa muda mrefu alikaa pale, injini ikinguruma, akitazama mikono yake mwenyewe imelala mapajani kama mali ya mtu mwingine. Kila siku, tangu lini hajui, mikono hiyo ilikuwa imelivuta gari kulia ili liende mbele, na haikuwahi kumwambia.

Na wanafunzi wake nao walikuwa wamejifunza vivyo hivyo. Aliwafundisha kunyooka ndani ya gari lililopinda. Wakipewa gari lililonyooka, wanapinda.

Alicheka kwanza. Kisha akawakumbuka mmoja mmoja, na kicheko kikakata.

*

Mume wake alikuwa fundi, na mtaa mzima ulimwita Fundi Miguu, kwa sababu alishughulika na miguu ya gari tu: springi, shokapu, bushi, tairodi na usukani. Injini aliwaachia wanaopenda kelele. Kazi yake ilikuwa safi hivi kwamba ile ofisi ya leseni ilikuwa imempa muhuri wa kukagulia magari ya shule na ya kukodi, naye muhuri huo aliuweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, hata siku za harusi.

Mwalimu alipofika gereji alimkuta na mteja, mwenye pikapu. Fundi alikuwa amekandamiza pembe ya mbele ya pikapu kwa viganja vyote viwili, akaiachia ghafla. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka.

"Umehesabu?" alimwuliza mteja. "Gari zima hupanda mara moja likatulia. Hili lako linacheza ngoma. Shokapu imekufa siku nyingi, unatembea na maiti."

Mteja akacheka, akamwona Mwalimu ameketi kwenye pipa tupu, akamwambia, "Kumbe hata mke wa fundi hupanga foleni."

"Mke wa fundi ndiye wa mwisho kwenye foleni," alisema Mwalimu.

Fundi alimtazama, kwa sababu haikusemwa kama mzaha. Mteja alipoondoka alisogea kwenye gari la mkewe akifuta mikono kwa tambara.

"Limefanya nini?"

"Linavuta kushoto."

"Halivuti. Usukani umenyooka, si unauona?"

"Usukani umenyooka. Gari ndilo linavuta."

Fundi alipiga goti kando ya gurudumu la mbele kushoto, akapitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha akakirudisha kutoka ndani kwenda nje. Kwenda kulikuwa laini. Kurudi, mpira ulimkwaruza kama msumeno. Ukingo wa ndani ulikuwa umelika mpaka nyuzi zinachungulia. Hakuhitaji jeki, lakini alileta jeki, akainua, akalitikisa gurudumu kwa kulishika kushoto na kulia, halafu juu na chini, kwa utaratibu wote anaomfanyia mteja. Mwalimu alielewa kuwa anavuta muda.

"Uliwahi kuligusa hili," alimwambia.

"Unakumbuka lile shimo la kwenye kona ya stendi? Ulipoingia na wanafunzi watatu?"

"Mwaka juzi."

"Mkono wa chini ulipinda." Akakigusa kile chuma kinachoshikilia gurudumu, kwa kidole kimoja. "Mpya haukupatikana siku ile. Nikaupiga nyundo ukakaribia kunyooka. Ukabaki kidogo. Usukani ukawa unakaa upande, nikajua utauliza. Nikauchomoa usukani, nikauzungusha meno mawili ya mhimili wake, nikaurudisha. Ukakaa katikati."

"Kwa hiyo uliunyoosha usukani, gari ukaliacha limepinda."

"Nilisema wiki ijayo nitaleta chuma kipya. Wiki ijayo wakaja wateja. Wewe hukulalamika, nami nikaona, aa, limejirekebisha. Baadaye hata sikuona tena."

"Na kitabu je? Kila mwezi unaandika nini kwenye kitabu cha gari langu?"

Fundi alikuwa bado amepiga goti. Alilijibu tairi.

"Miguu safi."

*

Nyumbani kwao walikuwa watu watatu. Watoto walishaoa na kuolewa, na dada mkubwa wa Fundi alikuwa amehamia chumba cha uani tangu alipofiwa. Mwalimu alimwita wifi, na huyo wifi alikuwa na mdomo ambao haukuwahi kukosa la kusema. Jioni hiyo waliketi mezani watatu, chakula kikapoa mbele yao, na kitabu cha matengenezo kikiwa katikati kama mgeni asiyekaribishwa.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Mtahini akikiona kitabu kinasema gari zima, basi mbovu ni mwalimu, na kibali kinakwenda. Mwalimu akisema gari lilipinda, basi kitabu ni cha uongo kwa miezi ishirini na sita, na aliyekisaini ni Fundi, na muhuri unakwenda. Hakukuwa na mlango wa tatu.

"Sema ni wanafunzi," alisema Fundi.

"Wote kumi na saba?"

"Watu hukosea."

"Kwa kwaya?" Mwalimu aliuliza, na ile kauli ya mtahini ikamchoma upya.

Wifi akasukuma sahani. "Mimi nasema kweli yangu. Utamvua nguo mdogo wangu mbele za watu kwa ajili ya chuma? Mganga hajigangi, hilo lipo tangu dunia. Na wewe miaka miwili unaliendesha, hukuhisi?"

"Sikuhisi, wifi. Na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote."

Wifi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa jibu la namna hiyo, akabaki anachezea kijiko.

Mwalimu akaendelea, akimtazama mumewe. "Nitasema ni mimi. Kwamba nimechoka, nimezeeka, sifundishi vizuri. Mwalimu mmoja akifungiwa watu watasahau baada ya wiki mbili. Fundi akinyang'anywa muhuri, nani atamletea gari?"

Alisema hivyo akitarajia kukatazwa. Alisubiri. Fundi alitazama kitabu, akatazama mikono yake yenye weusi wa grisi usiotoka hata Idi ije, na hakusema neno. Mwalimu alihisi kitu kimeanguka ndani yake, bila kishindo. Aliinuka akakusanya vyombo, akaviosha vyote, hata vilivyokuwa safi.

*

Jumatano asubuhi Fundi hakufungua lango la gereji. Wateja wawili walipiga honi wakaondoka. Alikuwa ametoka mapema akarudi na chuma kipya kimefungwa kwenye gunia, na bila kuzungumza akaliinua gari la mkewe. Alifungua mkono wa chini wa zamani, akaulaza sakafuni sambamba na mpya. Ukitazama haraka huoni tofauti. Ukitazama vizuri, ule wa zamani ulikuwa umeinama kiasi cha unene wa kidole.

Alifunga mpya, akabadilisha bushi, zile pete zake za mpira, akauchomoa usukani na kuurudisha kwenye meno yake ya asili. Kisha akatoa uzi wa kushonea viatu. Mashine ya kupimia magurudumu hakuwa nayo, hakuwahi kuitaka. Aliuvuta uzi kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, usawa wa katikati ya magurudumu, akaukaza mpaka ukigusa unalia. Akachukua rula akapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa gurudumu, halafu hadi ukingo wa nyuma, akazungusha tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu, robo mzunguko, akapima tena. Mwalimu alikaa kwenye pipa akimtazama. Gereji ilikuwa imefungwa, mwanga uliingia kwa matundu ya bati tu, na ule uzi mweupe ulikuwa unaning'inia gizani kama haukushikwa na kitu. Mume wake alikuwa akitembea kando yake kwa hatua fupi, ameshika pumzi. Mwalimu alikuwa bado amemkasirikia, na alimwona mzuri.

Mchana walilipeleka uwanjani. Fundi alikaa pembeni, Mwalimu nyuma ya usukani.

"Achia."

Akaachia. Gari lilikwenda mbele. Lilikwenda mbele tu, moja kwa moja, kwenye ule weupe wa jua la mchana, mpaka uzio ukakaribia, na wote wawili hawakupumua. Mwalimu akafunga breki, akageuza, safari hii akaushika usukani kama alivyoushika siku zote.

Gari likahama kulia.

"Umelegeza nati," alisema.

"Sijalegeza kitu. Gari limepona. Sasa mgonjwa ni wewe."

Walirudi mwanzo. Kulia. Tena, kulia. Aliusukuma usukani kwa makusudi ukaenda kushoto kupita kiasi, gari likawa kama la mlevi. Jasho lilimtoka. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha pembeni akiwaambia watu walegeze mikono, na sasa mikono yake mwenyewe ilikuwa haimsikii.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema kwa uchungu, "na huyu ana miaka arobaini na minane."

"Legeza," Fundi alimwambia. "Usilisaidie. Umezoea kulisaidia. Weka vidole viwili tu, kama umeshika kikombe cha moto."

Aliweka vidole viwili. Gari likaenda, likataka kuhama, likasita. Fundi hakumkemea hata mara moja. Alisema legeza, legeza, kwa sauti ambayo Mwalimu alikuwa hajaisikia tangu watoto walipokuwa wadogo wakigoma kulala, na baada ya mizunguko isiyo na idadi akajikuta hafikirii tena mikono, anatazama mbali, na mbali kunamjia pole pole. Vivuli vya nguzo za uzio vilikuwa vimerefuka vikikatiza uwanja. Wakavipita kimoja kimoja.

"Juzi hukunikatalia," alisema, macho yakiwa mbele.

"Najua."

"Nilingoja ukatae."

"Najua, mke wangu."



*

Alhamisi, saa mbili kasoro, Fundi alimkabidhi mkewe kitabu kimefungwa kwenye gazeti, akasema ana mteja wa mapema, akaenda zake. Wifi alimsindikiza Mwalimu mpaka mlangoni, akamtengeneza ukosi wa blauzi.

Mtahini aliketi pembeni na daftari lake. Mwalimu akaondoa gari. Hatua thelathini za kwanza alihisi mkono wa kulia umemtoroka na gari limeanza kwenda nao, akauona mstari mweupe unamsogelea kama ndotoni, pale ambapo mtu anaona ajali na hawezi kuinuka. Akasema, "Niwie radhi, baba," akainua vidole vyote, akaviweka tena viwili. Gari likanyooka. Likaenda limenyooka mpaka mwisho wa njia na kurudi.

Mtahini alimwonyesha mstari wake. Mwanzoni ulikuwa na kijipindo, kisha ukanyooka.

"Kwa hiyo kuendesha unajua," alisema. "Basi niambie hawa kumi na saba wamepata wapi ugonjwa wao. Kitabu kiko wapi?"

Mwalimu alifungua gazeti. Maneno alikuwa ameyapanga usiku kucha: nimechoka, nimezeeka, sifundishi vizuri. Alifungua ukurasa wa mwisho ili aanzie hapo.

"Miguu safi" ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja. Chini yake, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyezoea kalamu, palikuwa pameandikwa: *Si kweli. Mkono wa chini ulipinda. Nilijua.* Na saini. Akafungua mwezi uliotangulia. *Si kweli. Nilijua.* Na saini. Akafungua mwingine. Miezi yote ishirini na sita ilikuwa hivyo. Hakuna mwezi aliouruka, na kwenye ule wa kwanza kabisa alikuwa ameandika mistari mitatu: kwamba usukani aliuzungusha yeye kwa mkono wake, kwamba mwalimu hakuambiwa, kwamba wanafunzi hawana kosa. Ndani ya jalada la nyuma, umefungwa kwa plasta, ulikuwepo muhuri.

Mtahini alisoma kurasa zote, akilowesha kidole, bila kuruka. Ilichukua muda. Mwalimu alilia wakati wote huo na hakujali nani anamwona.

"Ulijua ameandika hivi?"

"Hapana, baba."

"Huu muhuri utakaa kabatini kwangu mwaka mmoja. Baada ya hapo tutaona." Akausogeza pembeni. Akakisukuma kibali upande wa Mwalimu. "Na hiki nenda nacho."

Kutoka pale alikwenda gereji moja kwa moja. Fundi alikuwa ndani ya shimo, chini ya gari la mtu, miguu yake ndiyo iliyoonekana. Mwalimu akachuchumaa ukingoni.

"Umeandika."

"Mwandiko wangu mbaya," alisema Fundi kutoka chini. "Ulisomeka?"

"Alisoma wote."



*

Siku mbili zilizofuata Mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba akiwatafuta wale kumi na saba. Kinyozi alicheka mpaka akaangusha kitana. Mama wa mapacha alitaka arudishiwe ada, na Mwalimu akakubali kumfundisha upya bure. Kwa mwanamke wa mikate alichelewa kufika, kwa sababu alimwogopa.

Alimkuta uani kwa mwenye tanuri Jumamosi alasiri, anapanga mikate kapuni. Gari dogo la kusambazia lilikuwa limeegeshwa ukutani, na mpwa wa mwenye tanuri alikuwa akiliosha. Mwezi ulikuwa umekwisha juzi.

Mwalimu alimweleza yote akiwa amesimama, tangu shimo la stendi mpaka muhuri. Mwanamke wa mikate hakuacha kupanga. Aliweka mikate mikubwa chini, midogo juu, akatandika kitambaa.

"Kwa hiyo si mkono wako," Mwalimu alimaliza. "Mkono wako hauna kitu. Ni gari."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Siku ya kwanza kabisa nilikuambia. Nilikuambia, Mwalimu, hili gari linanivuta kushoto. Ukanijibu gari halina mikono, mwenye mikono ni wewe. Waliokaa nyuma wakacheka." Alisema bila kupandisha sauti, akikunja ncha za kitambaa. "Nikasema basi, nitakuwa mimi. Nikawa nalivuta kulia, ukanisifu."

Mwalimu aliitafuta siku hiyo kichwani. Aliutafuta ule uwanja, lile vumbi, wale waliocheka. Hakuiona. Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa watu wangapi hata yasimbakie, na wangapi walilihisi gari kabla yake wakanyamazishwa? Alikuwa amekuja na kosa la mumewe mkononi, limeandikwa na kusainiwa mara ishirini na sita, na sasa alikuwa na lake, na halikuandikwa popote ila kwa huyu mwanamke.

"Samahani," alisema. Neno lilikuwa dogo mno na alilisikia lilivyo dogo.

Mwanamke wa mikate akajitwisha kikapu begani, akakipima uzito. Kule ukutani mpwa alikuwa anafuta kioo cha gari.

"Gari hilo limekwenda," alisema. "Lakini leseni bado naitaka."

"Njoo Jumatatu. Sitakutoza kitu."

"Si habari ya kutoza. Nikikuambia kitu kuhusu gari, uniitikie."

"Nitakuitikia."

Jumatatu alikuja. Ukungu ulikuwepo tena, uwanja haukuonekana mwisho wake. Kinyozi na mama wa mapacha walikaa kiti cha nyuma wakisubiri zamu. Mwanamke wa mikate akatoa breki ya mkono, akatazama vioo, akaondoka. Gari lilikwenda limenyooka. Walipofika katikati ya uwanja alipunguza mwendo, akainamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza.

"Mwalimu, kuna kitu kinagonga huku mbele."

Kinyozi akaguna kwa kicheko. Mwalimu alisikiliza. Yeye hakuwa anasikia kitu chochote, na mumewe alikuwa amelikagua gari lile jana tu.

"Simamisha," alisema. Akafungua mlango, akashuka, akapiga magoti vumbini kando ya gurudumu na kuanza kutafuta.